Vyama vituambie nani anasaini silaha itoke ghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala mliyoichapa juu ya chama cha Marekani kiitwacho Libertarian, ambacho kinataka polisi wa nchi ile wasipewe tena zana za jeshi. Mwandishi wenu alikimwagia sifa, halafu akauliza kwa nini vyama vyetu havina ujasiri kama huo. Swali nimelipenda. Sifa ndizo zimenikwama kooni, na kwa kuwa nimelala kota za polisi miaka mingi kuliko niliyolala nyumbani kwa baba yangu Ujiji, naona haki ya kuchangia ninayo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Marehemu mume wangu alikuwa sajenti. Kila alipohamishwa nami niliomba uhamisho, tukazunguka hivyo Kasulu, Kibondo, tukamalizia Kigoma mjini. Nikimsema askari, kwa hiyo, simsemi mtu wa mbali. Nimefua kombati zake, nimepiga rangi buti zake, nimemsubiri usiku ambao hata jirani mwenye redio ya upepo alikuwa hana habari.

Nianze na hao Wamarekani, tuhesabu kwanza kabla ya kugawa sifa.

Chama cha Libertarian kilianzishwa Colorado mwaka 1971. Tangu hapo hakijapata kushinda kiti hata kimoja cha Bunge la shirikisho. Mgombea wake wa urais wa mwaka 2020, Jo Jorgensen, alizunguka akisema polisi waache kujengwa kama jeshi, wasivunje milango ya watu usiku bila kubisha hodi, na askari akimuumiza raia asijifiche nyuma ya kinga ya kazi. Alipata kura kama 1,865,000, yaani zaidi kidogo ya asilimia 1. Sisemi hivyo kwa dharau. Nasema chama kisichotazamia kukabidhiwa funguo za ghala hakipotezi kitu kikiahidi kulifunga.

Waliokuwa na funguo walifanya nini? Juni 2014 mbunge Alan Grayson wa Florida alipeleka hoja kwamba magari ya deraya, mitambo ya kurushia mabomu na vitu vya jinsi hiyo visitoke tena jeshini kwenda kwa polisi. Waliomuunga mkono walikuwa 62, waliomkataa 355. Vyama viwili vikubwa, ambavyo hugombana asubuhi mpaka jioni, siku hiyo vilikaa benchi moja. Wiki nane hazikutimia, Agosti 9, kijana wa miaka 18, Michael Brown, akauawa kwa risasi na askari katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri. Watu walipoingia barabarani, dunia nzima ikaona kile ambacho wabunge 355 walikataa kukizuia.

Usiku ule mume wangu alikuwa bado hai, amestaafu, anaangalia taarifa ya habari huku amenyoosha mguu wake mbovu juu ya stuli. Kwenye televisheni akatokea askari amelala juu ya gari la deraya, jicho kwenye darubini ya bunduki, mtutu umeelekezwa kwa watu walionyoosha mikono juu. Mume wangu akaacha kutafuna. Akasema: "Huyu nani kamfundisha? Sisi chuo cha polisi Moshi ukielekeza mtutu kwa mtu usiyekusudia kumpiga, mwalimu wa kwata anakulaza kwenye matope." Halafu akasema jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu hapo. Akasema askari hakupanda juu ya gari lile kwa sababu ya watu. Alipanda kwa sababu gari lilikuwepo.

Na lilikuwepo kwa nini? Hapa mwandishi wenu alipita haraka, wakati ndipo penye utamu. Marekani wana sheria ya mwaka 1878 inayozuia jeshi kufanya kazi ya polisi. Sheria nzuri. Lakini mwaka 1990 Bunge lao lilifungua kidirisha cha kuwapa polisi mali za ziada za jeshi kwa ajili ya vita dhidi ya dawa za kulevya, na katika bajeti ya ulinzi ya mwaka 1997 kidirisha kikawa mlango. Kifungu chenyewe kilikuwa namba 1033, na mpaka leo mpango unajulikana kwa namba hiyo. Tangu hapo zimegawiwa mali ambazo jeshi lilizinunua kwa zaidi ya dola bilioni 7: majenereta, mablanketi na makabati ya ofisi, ndiyo, lakini pia bunduki za M16 na magari yaliyotengenezwa kuhimili mabomu ya kutegwa ardhini kule Iraq. Askari wa jeshi haruhusiwi kuvuka mlango. Gari lake linaruhusiwa.

Polisi wa mji hakununua, alilipia usafirishaji na matengenezo tu. Na kulikuwa na sharti kwamba ukipewa kitu ukitumie ndani ya mwaka mmoja. Hebu fikiria unampa kijana wa miaka 24 gari la vita, unamwambia lisipotoka litarudishwa. Litatoka tu. Litaenda kumkamata muuza bangi.

Kuna mji mdogo uitwao Keene, New Hampshire, wenye watu kama 23,000. Wao waliomba fedha za Wizara ya Usalama wa Ndani wanunue gari la deraya, na katika maombi yao wakaandika kwamba miongoni mwa vinavyohitaji ulinzi ni tamasha lao la kila mwaka la maboga. Maboga, Mhariri. Polisi wa shule za Los Angeles, watu wa kulinda wanafunzi, walikutwa na mitambo 3 ya kurushia mabomu, bunduki za M16 zipatazo 61 na gari la deraya. Baada ya kelele za 2014 mitambo ikarudishwa, gari nalo likafuata. Mimi nimefundisha darasa la watoto zaidi ya mia, wengine wanakaa chini, na kuna siku nilitamani msaada. Sikupata kufikiria deraya.

Kilichonichekesha mpaka nikaita jirani ni cha mwaka 2017. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walibuni idara ya polisi isiyokuwepo. Wakatengeneza tovuti, wakatoa anwani ambayo ni kiwanja kitupu, wakaomba vifaa. Wakapewa! Zaidi ya vitu 100 vyenye thamani ya dola milioni 1.2, miwani ya kuonea usiku ikiwemo, na haikuchukua hata wiki. CAG wetu, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, angefanya mchezo huo katika ghala lolote la serikali ningemnunulia mgebuka mzima.

Halafu tazama kalamu za marais. Obama mwaka 2015 alipiga marufuku baadhi ya vitu: magari ya minyororo, mitambo ya mabomu, singe, bunduki za risasi kubwa. Trump mwaka 2017 akafuta marufuku hiyo. Biden mwaka 2022 akarudisha sehemu yake. Trump aliporudi Januari 2025 akafuta tena, na Aprili akaagiza mali za jeshi ziende kwa polisi kwa wingi zaidi. Marais watatu, amri ileile inaingia na kutoka, kwa sababu haikuwa sheria. Ilikuwa saini ya mtu aliye madarakani.

Kwa hiyo hao Libertarian kwa hili wana haki, nawapa alama zao. Ila wasomaji wajue pia kwamba chama hicho hakitaki polisi wadogo tu, kinataka serikali yote iwe ndogo. Elimu nayo wangeiachia soko. Kingetawala hapa, ile shule niliyofundisha, iliyojengwa kwa matofali ya kujitolea na bati za serikali, isingekuwepo, na mimi ningekuwa nauza dagaa Kibirizi. Mtu anaweza kuwa na jibu sahihi la swali la tatu na akawa amekosea karatasi nzima.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo sikubaliani na mwandishi wenu. Anataka vyama vyetu vinakili sentensi ya Wamarekani: polisi wasitumie zana za jeshi. Haitatufaa. Polisi wao wanarithishwa silaha na jeshi, wetu walizaliwa nazo. Bunduki ya SMG iko begani mwa askari wetu tangu mimi binti. Katiba yetu yenyewe, ibara ya 147, ikieleza nani ni mwanajeshi, inamweka askari polisi kapu moja na wa jeshi la ulinzi, magereza na JKT. Darasani nilikuwa nikiisoma ibara hiyo kwa sauti, watoto wa kota wanavimba vichwa.

Na si kila mara silaha hiyo ilikuwa kwa ubaya. Wasomaji wa Dar es Salaam huenda hawajui barabara yetu ilivyokuwa. Baada ya Oktoba 1993, Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa, wakimbizi walimiminika kwetu, na nyuma yao zikaja bunduki. Ikafuata vita ya Kongo, zikaongezeka. Toka Kasulu kwenda Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi, basi lilikuwa haliendi peke yake. Mnasubiriana, mnakuwa msafara, askari wenye SMG wanapanda, ndipo mnaingia porini. Majambazi walikuwa na silaha za kivita, na askari mwenye kirungu angekuwa abiria mwingine tu wa kuvuliwa saa. Mume wangu alifanya kazi hiyo. Abiria walimgawia karanga na ndizi za kuchoma, na akina mama wenye watoto walikuwa wakigombea kukaa kiti cha karibu naye. Mtu akija kwangu na hoja kwamba polisi asishike kabisa silaha ya vita, nitamuuliza kama amewahi kupita Kakonko gizani miaka ile.

Lakini nitakwambia silaha ile ilivyotoka ghalani. Kulikuwa na daftari. Namba ya bunduki, idadi ya risasi, saa ya kutoka, jina la anayekwenda, saini yake, saini ya aliyempa. Akirudi, risasi zinahesabiwa moja moja juu ya meza. Usiku mmoja alirudi kutoka Kakonko ikapungua moja. Risasi moja. Sijamwona mume wangu katika hali ile tena, hata alipougua ugonjwa uliomwondoa. Alikuja mbio nyumbani kuchukua tochi, hakusema neno na watoto, akaenda stendi kumgongea utingo wa basi alilosindikiza. Wakang'oa viti. Ilikutwa kabla ya adhana ya alfajiri, katikati ya maganda ya karanga chini ya kiti cha nyuma, magazini ilipochomolewa kupanguswa vumbi. Isingepatikana angeandika maelezo, angefunguliwa mashtaka ya kijeshi, na pengine mimi na wanangu tungefungasha virago kota. Kwa risasi moja ambayo haikumgusa mtu.

Hiyo ndiyo hoja yangu, Mhariri. Kipimo hicho kimekwenda wapi?

Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari mwenzenu, aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, kwenye ufunguzi wa tawi la Chadema. Kilichomuua ni bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye. Bomu la machozi halimo kwenye orodha ya zana za vita za Libertarian wala ya mtu yeyote. Ni kifaa cha kawaida cha polisi duniani kote. Askari aliyelifyatua alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka 15. Yeye alikuwa mwisho wa mnyororo. Aliyeamua kwamba ufunguzi wa tawi unahitaji mabomu, sijaona jina lake likisomwa mahakamani.

Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa ndani ya daladala Kinondoni, Februari 16, 2018, polisi wakitawanya maandamano ya wafuasi wa Chadema. Risasi ikampata akafa. Mwaka huohuo jalada la askari waliochunguzwa likafungwa kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi. Niliposoma habari ile nilikaa kitandani nikamkumbuka mume wangu na tochi yake. Risasi iliyopotea basini ilitafutwa mpaka ikapatikana. Ile iliyomwingia binti wa watu kichwani haikupata mwenyewe.

Huku kwetu, Oktoba 2018, kulitokea mapigano kati ya polisi na wafugaji kijiji cha Mpeta, Nguruka, wilayani Uvinza. Askari wawili waliuawa. Naomba msomaji asiwapite haraka hao wawili. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na nyumba ya kota na mwanamke wa kuhama ndani yake. Raia waliokufa ni wangapi, hilo likawa ugomvi. Ndugu Zitto Kabwe, mtoto wa hapa Kigoma na wakati ule kiongozi wa chama cha ACT-Wazalendo, alitaja idadi kubwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani na kumwachia kwa masharti ya kuchunga matamshi yake kwa mwaka mmoja. Alikuwa sahihi au alizidisha, mimi siwezi kuamua nikiwa hapa kibarazani. Ninachojua ni kwamba mahakamani lilijadiliwa neno. Daftari la ghala lingesema risasi ngapi zilitoka kwenda Mpeta na ngapi zilirudi, na mjadala ungeanzia kwenye hesabu. Mimi kama raia wa mkoa huu sijaonyeshwa hesabu hiyo.

Kuhusu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nitasema kidogo. Intaneti ilizimwa nchi nzima, Dar es Salaam watu wakakatazwa kutoka usiku, na jeshi likawa barabarani. Watu walikufa na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Mwanangu anaishi Mbagala, nami nilikuwa nikipiga simu yake kila nikimaliza kuswali. Rais aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, mzee huyohuyo ambaye Julai 2023 alikabidhi ripoti ya Tume ya Haki Jinai iliyotaka Jeshi la Polisi lisukwe upya. Ningepewa dakika tano mbele yake ningeomba kitu kimoja tu: madaftari ya maghala ya wiki ile, ya kila mkoa. Nani alisaini kutoa nini, saa ngapi, na kilirudi kiasi gani.

Vyama sasa. Mwandishi wenu anaviona vinaogopa. Mimi naviona vinapenda. CCM wana Green Guard, Chadema wana Red Brigade, CUF walikuwa na Blue Guard. Vijana wanavalishwa kombati na bereti, wanapiga kwata, wanasaluti mwenyekiti. Chama ambacho hata mlinzi wa mkutano wake kimemvika kama komando, kitapata wapi ulimi wa kumwambia polisi avae kama raia? Tena kila chama hulalamikia washawasha inapowamwagia watu wake maji. Yakimwagiwa watu wa chama kingine, kimya. Mkuki kwa nguruwe. Na chama kilicho nje kinaona kwamba gari lile siku moja litakuwa lake.

Nimehudhuria mikutano mingi ya kampeni hapa viwanja vya Mwanga Community Centre, ya rangi zote, kwa sababu mwalimu mstaafu ana muda. Nimeahidiwa lami mpaka Nyakanazi, umeme wa gridi, reli, bei ya mawese, matengenezo ya MV Liemba. Sijapata kumsikia mgombea akisema chochote kuhusu ghala la silaha la polisi.

Liemba yenyewe, kwa kuwa nimeitaja. Vijana wetu wanaiona meli ya abiria tu. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaundwa hapahapa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen na ikaingia ziwani 1915 ikiwa chombo cha vita, imefungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyokwama Rufiji. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba watu, mchele na mananasi ya vijijini mpaka Mpulungu. Zana ya jeshi inaweza kuhudumia raia vizuri sana, tumeishuhudia kwa karibu miaka mia. Lakini mzinga ulikuwa umeshaondolewa, na hakuna nahodha anayeweza kuurudisha kwa sababu tu abiria wa daraja la tatu wanapiga kelele.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hawaligusi, nami naligusa kwa sababu nimeliishi. Miongoni mwa kota tulizokaa zilikuwepo za mabati juu mpaka chini, zile mnazoziita "full suit". Jua likiwaka unaoka, mvua ikinyesha huwezi kusikia mtu anayeongea kitanda cha pili. Tulitenganishwa na familia nyingine kwa shuka. Na mwananchi akiibiwa ng'ombe wake Heru Juu leo, kuna uwezekano mkubwa akifika kituoni aambiwe gari halina mafuta, achangie. Kisha siku ya maandamano mafuta yanapatikana, magari yanapangwa kama harusi ya tajiri. Askari analiona hilo, mke wake analiona. Mume wangu alikuwa mtu wa nidhamu na hakupenda siasa mezani, lakini aliwahi kusema kwamba serikali inamkumbuka pale inapotaka atishe watu. Akiibiwa jirani yake, haina habari naye. Msidhani askari wote wanafurahia kuvishwa ngao na kofia na kupelekwa kusimama mbele ya shangazi zao. Wapo wanaofurahia, sikatai. Niliishi nao pia, na wake zao walikuwa wanapigwa.

Kwa hiyo sihitaji chama cha hapa kitafsiri ilani ya Colorado. Nataka kinijibu mambo ambayo OCS yeyote, yaani mkuu wa kituo cha polisi, anaelewa. Silaha ya vita, gari la deraya, washawasha na mabomu ya machozi vikitoka kwenda kwenye mkusanyiko wa raia, nani amesaini? RPC, kamanda wa polisi wa mkoa? Mkuu wa Mkoa, ambaye ni mteule wa kisiasa? Kwa sababu gani, iliyoandikwa kabla ya kutoka na si baada? Vilivyotumika vitaripotiwa kwa nani nje ya polisi wenyewe, na baada ya siku ngapi? Mzazi wa aliyepigwa ataruhusiwa kuuona ukurasa huo wa daftari, au ataambiwa ni siri ya usalama? Na hayo yawekwe kwenye Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, yapitishwe na Bunge kwa kura za wazi, ili Rais mmoja asiyaweke asubuhi na mwingine akayafuta jioni kama tulivyoona kwa wenzetu.

Najua nitaambiwa majambazi nao watasoma. Wasome. Mume wangu alipokwenda Kakonko kila jambazi wa pori lile alijua kwamba msafara una SMG. Ndiyo ilikuwa maana ya msafara. Hakuna siri ya ulinzi inayovuja kwa kumjulisha raia kwamba bunduki iliyotoka jana usiku ina jina la aliyeitoa.

Nimeambiwa pia, na kijana mmoja mwenye digrii yake, kwamba haya ni mambo madogo ya karani, na kwamba Katiba Mpya ikija yatajipanga yenyewe. Katiba Mpya naitaka kuliko yeye, nimeisubiri tangu nywele nyeusi. Lakini karani wa ghala ndiye aliyemtoa mume wangu kitandani usiku kutafuta risasi moja, na aliweza kufanya hivyo chini ya Katiba hiihii.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Waandikieni makatibu wakuu wa vyama vyote vyenye usajili wa kudumu, muwaulize niliyoyauliza hapo juu. Wapeni mwezi mmoja. Mchapishe majibu yao kama yalivyo, bila kuyanyoosha sarufi, na asiyejibu liwekwe jina la chama chake na chini yake nafasi iachwe wazi, upana uleule wa waliojibu.

Mwalimu mstaafu (jina kapuni),
Mwanga, Kigoma